Ndevu za Rangi ya Chungwa

Ua la airisi lilikuwa limefunguka asubuhi hiyo, na mchavushaji wa banda la maua akalipigia magoti kama mtu aliyeona kaburi likichipua.

Petali tatu za juu zilisimama wima, nyeupe pe. Tatu za chini ziliinama, zambarau iliyokoza, kila moja na ndevu zake za rangi ya chungwa. Ndivyo dada yake alivyoapa kwamba ua hilo lingetoka, siku alipong'oa petali za chini za ua mama ili nyuki akose pa kutua, akapaka chavua kwa mkono wake na kufunga uzi mwekundu.

Dada hakuliona. Tajiri mwenye shamba aliwaamuru waingie bandani dawa ya wadudu ikiwa bado mbichi, na mapafu ya mtu si chuma.

Sasa tajiri huyo huyo aliingia na wageni. "Hili hapa! Nimelizalisha mwenyewe."

"Hongera, mzee. Na hizi ndevu za nini?"

"Urembo tu, bwana. Kama zako."

Wakaangua kicheko.

"Zinamwonyesha nyuki njia," mchavushaji alisema. "Na aliyelizalisha ulimuua humu humu kwa dawa yako."

"We mwanamke, nenda kapalilie!"

Duniani kote lilikuwapo shina hilo moja tu. Akazamisha vidole udongoni mpaka akaupata mzizi, mnene na wa baridi kama kiganja cha maiti. Akachomoa kisu.

"Weka chini," tajiri alisema. "Mama, nakuomba."

Miaka kumi na moja ya kazi, tajiri hakuwahi kumwita mama.

Kisu kilikuwa kimeshazama nusu ndani ya mzizi.