Stoo Inaruhusiwa

Mkaguzi wa ujenzi aligonga ukuta wa chumba cha uani kwa kiganja, akatikisa kichwa.

"Fundi, kazi yako safi. Lakini mtaa huu kila kiwanja ni nyumba moja tu. Hii ina jiko na choo, kwa hiyo ni nyumba ya pili."

"Anakaa binti yangu na mwanawe," fundi akasema. "Amefiwa na mume, na kodi za mjini hazishikiki. Nyumba kubwa wadogo zake wanalala mpaka sebuleni."

"Nakuelewa, mzee wangu. Ng'oa jiko na choo, ibaki stoo. Stoo inaruhusiwa."

"Na mtu akilala stoo?"

"Nikirudi nikakuta kitanda, tingatinga litabomoa yote."

Mkaguzi alipoondoka, fundi alichukua patasi na nyundo, akaingia jikoni. Alianza na vigae vya bluu alivyochagua binti mwenyewe. Alipenyeza patasi taratibu nyuma ya kigae cha kwanza, lakini aliyevibandika ni yeye, na alivibandika vikae miaka. Kikapasuka katikati.

Binti aliingia, mtoto mgongoni, akamshika mkono.

"Baba, jitahidi vitoke vizima. Nitaviweka huko ninakohamia."

"Unahamia wapi, mwanangu?"

Binti alichuchumaa kando yake, akakinga viganja chini ya kigae cha pili.

"Gonga, baba," akasema. "Nimekishika."