Mahari ya Sindano

Siku hizi dawa hugawiwa kwa kura. Kila mwaka mpya nyumba hupangiwa zama moja ya utabibu, na kutumia dawa ya zama nyingine ni kosa. Mwaka huu sisi tumeangukia zama za asali na kuumika chuku, ile pembe ya kunyonyea damu. Jirani yangu Mzee Makame, aliyefiwa na mkewe, kapata zama za sindano: sindano tano za mwaka mzima.

Mjukuu wangu Mize akashikwa na kichomi. Asali haikufua dafu. Nikajipaka wanja, nikabisha kwa Makame.

"Nioe," nikamwambia.

"Bi Hidaya, na miaka yako sabini na minane?"

"Kwani nataka watoto? Nataka mahari, sindano zote tano. Mahari ni mali ya mke, humpa amtakaye. Hata sheria ya kura haiigusi."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akazitazama chupa zake tano za dawa ya sindano.

"Haya, mke wangu."

Mize alizimaliza zote tano; sasa anaruka kamba uani. Mume wangu humtazama kutoka barazani, na kikohozi kikimjia hunipa mgongo nisisikie. Kura nyingine ni baada ya miezi minane.