Mbwa Wawili wa Enoka

Meno ya Kaisa yalizama kwenye paja la Baba Mkubwa Barnaba kabla mzee hajamaliza kupiga hodi. Roda aliacha mchi kinuni, akakimbia, akamkamata mbwa mkanda wa shingoni na kumvuta kwa nguvu zake zote. Alipogeuka, mzee alikuwa ameketi vumbini, suruali imechanika, damu inamtiririka hadi kiatuni.

Habari ilienea Iyula nzima kabla ya mchana. Mwaka mwingine watu wangecheka. Lakini mwaka ule wa 1953 kichaa cha mbwa kilikuwa kimevuka mpaka. Ilisemekana kwamba huko Tunduma mtu mmoja alikufa akiwa amefungwa kamba kitandani, akipiga mayowe kila alipoonyeshwa maji.

Mbwa wenyewe hawakuwa wa kutafuta. Enoka, mume wa Roda, alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa. Mzungu alipofunga virago kurudi kwao, mkewe alimkabidhi Enoka mbwa wawili na kumweleza tabia zao kama mtu anayeacha watoto. Pegi, spanieli mfupi mwenye masikio ya kuning'inia, ni wa watoto. Ni mpole, hapendi kuachwa peke yake, ila akinusa sungura hasikii la mtu, na masikio yake hurudi na majeraha ya miiba. Kaisa ni Alsesheni, aina ile ya mbwa wa polisi. Ana akili, ni mkaidi, anakula kama mtu mzima. Humpenda mmoja na kuwashuku wengine wote, na asipopewa kazi hujitafutia.

Kazi aliyojitafutia ilikuwa kulinda mlango.

Osea, msaidizi wa Bwana Mifugo, alikuja kwa baiskeli kutoka Nanyala. Aliamuru Kaisa afungwe siku kumi. Kama ana kichaa, alisema, kitaonekana ndani ya siku hizo. Mbwa atapigwa risasi na mzee atapelekwa Mbeya kuchomwa sindano. Kama hana, basi mzee ana kidonda tu.

Baba Mkubwa hakutaka kungoja. Alikuwa kaka wa marehemu baba yake Enoka, ndiye aliyemlea. Sasa alisema mbele ya watu kwamba Enoka amechagua mbwa wa Mzungu akaacha damu yake, na kwamba yeye akifa, Enoka asithubutu kushika jembe kaburini kwake.

Enoka alirudi nyumbani na maneno hayo, akakisukuma chakula pembeni.

"Mpige risasi leo, Baba Aida," Roda alimwambia.

"Osea amesema siku kumi."

"Na mzee akifa siku ya tisa?"

Enoka aliinuka akaenda kukaza kamba ya Kaisa.

Roda aliwakataza watoto kwenda nyuma ya nyumba alikofungwa Kaisa. Wakawa wanacheza uani na Pegi, na hiyo ndiyo ilikuwa faraja yao. Kaisa alibweka mpaka sauti ikamkauka, na wapita njia walisimama kusikiliza, wakatikisa vichwa. Siku ya nne alikataa maji. Roda alikwenda nyuma ya nyumba. Akachungulia chungu cha mbwa, akaona panya aliyekufa maji. Alibadilisha maji, na Kaisa akayanywa yote.

Siku ya sita Baba Mkubwa alishikwa na homa. Kesho yake Roda alikuwa akijiandaa kumpelekea uji alipoona kwamba Pegi naye hajagusa chakula. Taya lilikuwa limelegea, mate yanadondoka. Usiku uliopita walikuwa wamekula kuku. Roda akajua ni mfupa. Alimbana mbwa katikati ya magoti, akampanua kinywa, lakini mkono wake ulikuwa mkubwa mno. Akamwita Aida, bintiye wa miaka saba.

"Polepole, mwanangu. Papasa kama kuna kitu kigumu."

Aida alipapasa mpaka kooni, asipate kitu. Pegi hakunguruma hata kidogo. Jino tu lilimkwaruza mtoto alipokuwa akiutoa mkono. Roda akaona mfupa umeshuka mno. Akamtandikia mbwa majani makavu chini ya kihenge cha mahindi, akachukua uji wake akaenda kwa mzee.

Siku ya kumi Osea alikuja. Baba Mkubwa, ambaye homa ilikuwa imemwachia, alifika kwa fimbo na kusimama mbali, upande wa pili wa ua. Osea alimpa Kaisa maji, akampa nyama, akamtazama macho na mwendo. Alichukua muda mrefu.

"Mzima," alisema. "Ana tabia mbaya, lakini hana ugonjwa. Mzee, nenda ukalime."

Baba Mkubwa alivuka ua akichechemea, akaweka mkono begani kwa Enoka. Roda aliingia jikoni akalia peke yake kwenye moshi. Kisha akapika chai. Aliitia sukari nyingi, akaita watoto nao wanywe, na Aida akakaa karibu na babu yake aone kovu.

Osea alifungua daftari lake kwenye goti. Alisema ni lazima aandike mbwa wote wa nyumba ile. Walikuwa wawili, sivyo? Huyo wa pili yuko wapi?

Enoka, akicheka kwa mara ya kwanza tangu siku zile zianze, alimwonyesha kihenge kwa kidole. Huyo wala asijisumbue naye, alisema, hajawahi kumng'ata mtu. Amekwamwa na mfupa kooni tu, taya limemlegea, leo siku ya nne.

Osea aliweka kikombe chini. Alikwenda kihengeni, akainama kuchungulia bila kugusa kitu, akakaa hivyo kitambo. Aliporudi, hakukaa tena kwenye kigoda.

"Mama Aida," alisema kwa sauti ya chini, "huo si mfupa. Kichaa nacho hulegeza taya. Nani amemtia mkono kinywani?"