Simu Isiyoruhusiwa Kuficha

Tangu sheria mpya ianze, kampuni za mitandao zilikosa pa kujificha. Ukiuliza kwa nini umeonyeshwa kitu, simu ilibidi iseme kweli, tena kwa lugha ya nyumbani. Bi Mwanahawa, fundi cherehani wa Morogoro, hakuwahi kujisumbua kuuliza. Lakini ilikuwa siku ya tatu bintiye Zaituni hagusi chakula, akitazama tu video za wasichana wembamba.

Mama akampokonya simu na kuifokea kama mteja aliyeuziwa kitambaa kibovu. "Wewe! Mwanangu unamwonyesha haya kwa nini?"

"Jumatatu aliikuza picha ya tumbo lake mara kumi na moja," simu ikajibu kwa upole. "Akihuzunika, hutazama zaidi."

Zaituni akainyakua simu. "Kumbe ilitaka nihuzunike!" Akabofya 'Acha', akavuta sahani ya wali.

Bi Mwanahawa akacheka kwa furaha, akaigeukia simu yake mwenyewe. "Na mimi, mbona kutwa unanionyesha mishono?"

"Kwa sababu ukiona mishono huniachii. Jana Zaituni alikuita mara tatu, hukuitika."

Kicheko kikamkauka. Akaizima, akasogeza kiti.

"Haya, mwanangu. Jana ulikuwa unaniitia nini?"