Ukaguzi Jikoni

Friji ilitetemeka, ikakohoa, ikanyamaza. Ilikuwa Desemba mjini Arkhangelsk, kaskazini mwa Urusi, na bado hakujapambazuka, lakini Zinaida alikuwa ameshafunga aproni na kitambaa cha kichwa, akisubiri ukaguzi jikoni kama mwanafunzi ambaye hakusoma.

Jana alikosea mara mbili. Kwanza alicheka kwa sauti. Kisha akamwambia mtu kwamba siagi imejaa madukani. Ndugu Gleb, msimamizi, aliyaandika yote kwenye daftari.

"Kosa moja tena, Ndugu Zinaida, na humu unatoka."

Atoke aende wapi? Kwa umri wake, nani mwingine angempokea?

Rimma, aliyekuwa akitumia naye jiko hilo, alimwona akivunja njiti ya pili, akachukua kiberiti na kumwashia moto.

"Ukiulizwa sukari?" Rimma akamjaribu.

"Imeadimika."

"Na maisha?"

"Mazuri mno."

"Sasa mbona unacheka?"

"Sicheki, mwenzangu. Ndivyo meno yangu yalivyo."

Viatu vikasikika ngazini. Gleb akaingia, na nyuma yake watu kumi wenye makoti mazito. Hakuna aliyepiga hodi. Wakachungulia kila mahali: masufuria, kabati, hata soksi zilizoanikwa kwenye kamba. Zinaida akakoroga uji huku akijisuta moyoni. Maisha haya ameyaishi mwenyewe, na bado anayakosea!

Uji ukaungua. Gleb akafungua daftari.

"Ni mimi niliyezidisha moto," Rimma akadakia upesi, ingawa muda wote alikuwa dirishani.

Mwanamke mmoja akamsogelea Zinaida. "Niambie, Ndugu. Unaogopa nini hasa?"

Swali hilo Rimma hakuwahi kumjaribu nalo.

"Naogopa kutolewa humu," akasema, na machozi yakamtoka kweli.

Kalamu ya Gleb ikakwaruza karatasi.

Kisha Gleb, aliyezaliwa miaka minane baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Safi sana, bibi! Leo umefanana kabisa na watu wa enzi zile. Unabaki."

Zinaida akajifuta macho kwa aproni, akawageukia wale wenye makoti, ambao sasa walikuwa wakipiga makofi.

"Karibuni tena, wapendwa. Makumbusho yetu hufungwa Jumatatu tu."