Mgonjwa wa Jumanne

“Mimi si godoro,” alisema Doña Hermencia, macho kayafumba, na mikono minne iliyokuwa ikimgeuza kitandani ikasimama.

Nidia akacheka, akaomba radhi. Alikuwa amemgeuza vizuri kabisa, kama nesi Amparo alivyofundisha: goti likunjwe, bega livutwe, mgongo wa anayegeuza usipinde. Ila muda wote huo alikuwa akimsimulia mwenzake habari za harusi ya binamu yake.

Kila Jumanne asubuhi, watu wa mtaa wetu wa kilimani, kusini mwa Bogotá, walikutana katika ukumbi wa kituo cha afya kujifunza kuwauguza watu wao: baba aliyepooza, mke asiyejijua tena, mtoto asiyeinuka. Wagonjwa wenyewe waliachwa chumba cha pili na mhudumu, ili wanaowauguza nao wapumue kidogo. Doña Hermencia hakuacha mtu chumba cha pili. Alikuja peke yake, akajitolea kuwa mgonjwa wa mazoezi, na kazi hiyo akaishika kwa moyo mmoja hata ikawakera watu. Alikaza miguu ikawa kama mbao. Alikunja ngumi isifunguke. Ukimshika kwa pupa alirusha mkono, na mkono wa bibi yule wa miaka sabini ulikuwa na nguvu za mchukuzi wa sokoni.

Nesi alipomwomba alegee kidogo, alikataa. “Si kila mgonjwa analala kama gunia. Wafundishe na wa namna hii.”

Nesi Amparo alimwachia, kwa sababu alijua. Doña Hermencia alikuwa na uvimbe tumboni, na daktari alimhesabia hadi Desemba. Alikuwa amemwambia nesi waziwazi kwamba anatafuta mtu wa kuja kwake, na kwamba mikono ya mtu huijui kwa kumuuliza, mpaka ikushike. Nesi naye hakuwa na kifua cha siri. Kufika Agosti darasa zima lilikuwa likisema kwamba bibi yule mpweke analala pale kila Jumanne akichagua wa kumuuguza hadi kufa.

Basi watu wakajipendekeza, wengine kwa huruma, wengine kwa utani tu.

“Mchagua nazi hupata koroma, Doña,” Nidia alimwambia. “Nichukue mimi, yaishe.”

“Mikono unayo, mwanangu. Masikio ndiyo huna.”

Somo likiisha hakungoja hata kikombe cha maji moto ya sukari guru. Alijitupia shali yake, akapanda ngazi za mtaa kwa haraka isiyolingana na ugonjwa wake. Walimtania kwamba ameacha maharage motoni, naye akakubali kwamba ndiyo, ni maharage.

Mwanafunzi dhaifu kuliko wote alikuwa Don Ovidio, mwashi, mwenye viganja kama msasa. Alijifunza kwa ajili ya mkewe, Edilma. Alisahau goti, alisahau mto, nesi alichoka kumsahihisha. Lakini kabla ya kumgusa mtu alimwambia kwanza. Sasa nashika bega, Doña. Sasa nakugeuzia dirishani. Kisha alingoja, hata darasa likipiga miayo, mpaka ngumi ile ilegee yenyewe.

Septemba Edilma alifariki. Jumanne iliyofuata mazishi, Don Ovidio alikuja akakaa kwenye kiti chake kilekile. Nesi alimweleza kwa upole kwamba halazimiki tena kuja. Akajibu kwamba asubuhi ilipofika alijikuta ameshavaa viatu, na nyumbani hakuna tena wa kumgeuza. Iliuma kumtazama, mwanamume mzima kakumbatia mto hajui ampe nani.

Doña Hermencia akapanda kitandani, akakaza miguu, akamwita yeye. Don Ovidio alimgeuza polepole, machozi yakimtiririka, na bado kila mguso aliutangaza kwanza. Alipomaliza, bibi alifumbua macho, akamwambia afike kwake Jumapili baada ya misa.

Kufa kufaana, walinong’ona kina Nidia; bibi wa watu kajipatia bwana. Don Ovidio hakuwajali. Alikuwa amekwisha kukata shauri. Kama ni kumlisha atamlisha, kama ni kumwosha atamwosha, Desemba ije inavyotaka kuja. Edilma alimfia kabla hajajua kumlaza sawasawa, na jambo hilo lilimla moyo. Huyu hatamwacha afe peke yake.

Jumapili alinyoa ndevu, akanunua mikate ya jibini, akazipanda ngazi mpaka nyumba ya mwisho juu kabisa. Doña Hermencia alimfungulia mlango. Alikuwa amekonda hata kuliko Jumanne. Don Ovidio akaanza kuyasema aliyoyapanga njiani: kwamba asiogope, kwamba yeye atakuwepo mpaka mwisho wake.

“Mwisho wangu usikusumbue, Don Ovidio. Mimi nitafia hospitali kama watu wengine.” Akamshika mkono, akampitisha nyuma ya pazia.

Kitandani alikuwa amelala mwanamume mkubwa, mvi zimeanza kumtoka, kanyolewa vizuri, miguu imekakamaa, ngumi zimekunjwa kifuani. Aliposikia sauti ya bibi aligeuza macho mlangoni, akatabasamu.

“Huyu Wilmer, mwanangu. Ana miaka arobaini na minne, na hajawahi kulishwa na mkono mwingine ila huu wangu.” Doña Hermencia akampa mgeni bakuli la viazi vilivyopondwa. “Leo mlishe wewe, nami bado nipo, nione kama atakula.”