Sukari Guru

"Mama, umenimaliza!" Zamoyoni alifoka, muswada umemkunjika mkononi. "Darasa la uandishi wa filamu limenikataa. Eti 'Sukari Guru' ni mali ya studio!"

"Mali ya studio? Babako, Mungu amrehemu, ndo alikuwa ananiita hivyo, humuhumu ndani!"

"Si ndo hapo! Ulipokubali lile sikio ukutani, ulidhani litasikiliza nini? Kuku?"

Siku hizi kila nyumba ina sikio, bwana. Mnachoongea kinaenda studio, kinageuzwa filamu, na kikishakuwa filamu si chenu tena, hamruhusiwi hata kukiandika. Zamoyoni alikuwa ameandika kurasa arobaini juu ya marehemu baba yake. Zote zilirudi zimepigwa mistari myekundu.

Mama akajiachia mkekani. "Basi andika mengine, mwanangu."

"Mengine yapi? Hata huu ugomvi wetu saa hizi wanao!"

Mama alifungua mdomo, akalitazama sikio, akaufumba. Akapigapiga mkeka kwa kiganja, kumwomba akae.

Zamoyoni alitamani kumwambia samahani. Akaona hata hiyo wataichukua. Akatoka kimya, akaurudishia mlango polepole, usije ukatoa hata mlio.